Majina Kumi na Moja ya Kathonzweni

Mjukuu wangu Mwende, ambaye yuko nanyi hapo kwenye kampuni yenu ya Kitui, aliniambia mnataka niwaandikie jinsi sisi wa zamani tulivyoifanya kazi hii ya burudani. Nikasema kwanza nije niwaone. Nimekuja, nimeona chumba chenye sponji ukutani, nimeona kompyuta tatu, nimeona na kijana amelala kwenye kochi saa nne asubuhi nikaambiwa huyo ndiye msanii. Mmenipa chai na mkate wa siagi. Basi mtu akishakunywa chai ya wenyewe lazima aseme ukweli.

Kampuni yetu iliitwa Wathi Burudani. Wathi ni wimbo kwa Kikamba, kwa wale wenu mliozaliwa Nairobi mkaja huku kufuata kazi. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kanga hapo mjini Kitui. Mwenyewe alikuwa Bwana Athumani, ambaye babu yake alitoka pwani akaoa Kitui akabaki, na Kiswahili chake Athumani kilikuwa bado hakijajua kwamba kimehamia bara. Mbele aliuza kanga na kofia. Nyuma alirekodi wanamuziki, akawatafutia mahali pa kupiga, akawatolea santuri. Siku zilizobaki alizunguka na gari lenye jenereta akiwaonyesha watu sinema, mpaka akanunua kamera tukaanza kupiga filamu zetu wenyewe. Mimi Ndanu, binti ya karani, msichana wa mjini mwenye viatu vya kisigino, niliajiriwa nipige taipu. Nilipofika siku ya kwanza nikauliza taipu iko wapi. Athumani akasema, "Itakuja, binti. Kwa sasa shika hili blanketi."

Hiyo taipu sikuiona mpaka nilipostaafu.

Blanketi lilikuwa la kuning'iniza ukutani. Tulikuwa na blanketi sita na magunia ya mkonge, tukayapigilia misumari kuzunguka chumba ili sauti isirukeruke. Sponji yenu ni nzuri, sikatai. Lakini blanketi lilikuwa na faida moja: mwimbaji akiwa na woga ulikuwa unamfunika nalo mabegani akaimba kama yuko kwao. Juu kulikuwa na mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha hakuna kazi, na kwa sababu Kitui mvua ni mgeni, hakuna mtu aliyelalamika ikija. Shida yetu ilikuwa jogoo wa jirani. Kila tulipowasha mashine aliwika. Kazi yangu ya asubuhi ikawa kwenda kumfunika na kikapu mpaka tumalize. Siku moja nilichelewa, akawika mwisho kabisa wa wimbo wa harusi, na wimbo ulikuwa mtamu hata Athumani akakataa kurudia. Santuri ikatoka na jogoo wake. Baada ya miezi miwili akaja mwanamuziki kutoka Mwingi, amebeba gitaa mgongoni na jogoo mkononi, anataka na yake iwe hivyo hivyo.

Mnaniuliza nilijifunzia wapi kusimamia wasanii. Nilijifunza kwa kuwalisha. Mwanamuziki mwenye njaa anaharakisha wimbo, na aliyeshiba sana anasinzia kama huyo wenu wa kwenye kochi. Mpe muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kiasi, saa moja kabla ya kupiga, halafu ukague gitaa lake wewe mwenyewe. Siku hizo waya za gitaa hazikupatikana hovyo. Nilitembea na waya za breki za baiskeli kwenye mkoba, nikajua kuzitenganisha uzi mmoja mmoja, na vidole vyangu bado vina alama. Mmoja wenu aliniuliza kama hiyo ni kazi ya meneja. Nani mwingine angeifanya?

Na sinema, hiyo ilikuwa raha yangu. Mwingi tulikuwa tunaenda siku ya mnada, tunafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, na wafanyabiashara wa mifugo wanabaki baada ya kuuza. Tuliwaonyesha filamu ya kauboi. Wao hawakumtazama kauboi wala bastola yake. Walitazama ng'ombe. Utasikia mzee anamwambia mwenzake, "Hiyo nyeusi mgongo yake ni mbaya, hiyo hata Garissa hutanunua." Jambazi anapigwa risasi, wao wanabishana juu ya nundu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu hutazama picha akitafuta kitu anachokijua, na Athumani naye akasema tukipiga filamu yetu tupige watu wakifanya kazi wanayoijua. Hilo andikeni mahali.

Santuri nazo tulizijaribia Kambu. Pale kulikuwa na hoteli ya madereva wa malori ya Mombasa, na mama mwenye hoteli alikuwa na gramafoni. Kabla hatujatoa wimbo tuliupeleka pale tukakaa kona tukinywa chai. Dereva akiendelea kula, wimbo haufai. Akiinua kichwa, unafaa. Akiacha ugali akaja kuuliza ni nani anayeimba, tunarudi Kitui tunacheka njia nzima. Hawakutaka maneno mengi, hao madereva. Walitaka ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa linakimbia peke yake na miguu inaanza kuhangaika chini ya meza. Mimi niliwaamini sana, na kuwaamini huko ndiko kulikoniponza.

Sasa niwaambie kosa langu, maana hilo ndilo nililokusudia tangu mwanzo na nimekuwa nazunguka.

Tulikuwa na mwanamuziki mmoja kutoka Kathonzweni aitwaye Nzioka. Mtu mrefu, mpole, anaongea kidogo na gitaa linamalizia. Mwaka mmoja alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu, na mvua ikaja akiwa amelala. Nyinyi mnajua Kathonzweni, mvua ikikupita umepitwa. Wamama wa mwethya wa kwao wakaenda kwa shamba lake. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu. Wakapanda, wakapalilia, wakavuna mbaazi na pojo wakamwekea ghalani, na hata mara moja hawakumwuliza atarudisha vipi. Walikuwa kumi na mmoja. Nzioka alipopata kusimama kwa fimbo aliwaambia mbele ya watu kwamba hana jembe la kuwalipa lakini ana wimbo, na kwamba wote kumi na mmoja watasikika ndani yake kwa majina yao.

Wimbo ulikuwa mzuri. Nilijua siku ile ile aliporekodi, akiwa ameegemea blanketi, mguu umenyooshwa mbele. Mwanzo alieleza habari ya lori na mguu. Katikati akawataja wale wamama mmoja mmoja, jina na gitaa likiitikia, jina na gitaa likiitikia. Mwisho gitaa likakimbia. Nikatazama saa yangu: dakika tano na kitu. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua dakika tatu na nusu, ukilazimisha.

"Nzioka," nikamwambia, "punguza majina."

"Madam," akasema, "majina haipunguzwi."

Akaondoka akaenda kushika basi lake. Wiki hiyo hiyo Athumani akaitwa Mombasa kwenye msiba wa shangazi yake, na mimi nikaupeleka mkanda wa wimbo Nairobi kwenye kiwanda cha santuri peke yangu, kwa mara ya kwanza, nimejipamba kama naenda kuposwa. Fundi wa kule alikuwa mtu mwema. Aliusikiliza, akaniambia ni lazima kitu kitoke, nichague mimi. Nikawaza madereva wa Kambu. Nikaona majina ni majina tu, mtu atasikia sita atajua wengine wapo. Nikasema atoe matano ya mwisho, gitaa liachwe lote. Akakata ule mkanda kwa wembe, akaunganisha kwa gundi, na hata sikio la popo lisingejua palipokatwa. Nilirudi Kitui nimevimba kichwa. Santuri ikatoka, Kambu dereva mmoja akaacha nyama kwenye sahani, Mwingi wakaomba nyingine. Nilijiona nimeshakuwa mtu.

Wiki ya tatu Nzioka akaingia dukani bila gitaa. Mwanamuziki akija bila gitaa, vijana, kaeni chini kwanza.

"Madam, umeniharibia," akasema. Hakupaza sauti. "Wamama watano wanaulizwa kwa soko wamefukuzwa mwethya juu ya nini."

"Nani amesema wamefukuzwa?"

"Wewe umesema. Kwa santuri."

Sikumwelewa, ikabidi anifundishe kama mtoto. Mimi binti ya karani, sikuwahi kushika jembe, na mama yangu alinunua mboga sokoni. Kwenye mwethya, jua likichomoza mwenyekiti anaita majina, kila mtu anaitikia kabla ya kugusa udongo. Ukikosa bila kutuma neno, unatoa kuku. Ukiendelea kukosa, hufokewi wala huandikiwi barua. Asubuhi moja majina yanaitwa na lako linarukwa. Basi, umetoka. Na anayerukwa, kila mtu anajua ni mvivu au mchoyo, na siku nyumba yake ikianguka hakuna atakayekuja. Nzioka aliwaimba wale wamama kwa mpangilio ule ule ambao mwenyekiti anawaita. Kila mtu wa Kathonzweni alijua wako kumi na mmoja. Mimi nikachukua majina matano nikayaruka, nikayarusha mpaka Mombasa.

Na Mombasa ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mmoja wa wale watano aliitwa Kalunde. Mume wake, Mutisya, alikuwa anafanya kazi bandarini. Akausikia wimbo kwenye hoteli akiwa na wenzake wa nyumbani, wakahesabu kwa vidole, wakamwuliza mke wake alifanya nini. Aliandika barua. Kwamba yeye anabeba magunia kule kumbe mke anakaa. Kwamba akija likizo wazee watakutana, na kama ni kweli, Kalunde atarudi kwao. Watoto wanne, na mwanamke ambaye hakuwahi kukosa mwethya hata siku moja.

Athumani aliporudi nilimweleza nikiwa nimesimama. Akavua kofia akaiweka juu ya mashine, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Binti," akasema, "mimi hukata kitambaa. Kitambaa nikikosea kukata nakigeuza leso. Jina la mtu utaligeuza nini?"

"Naweza kuandika barua niombe msamaha."

"Radhi haiendi kwa posta. Panda gari."

Tukaenda Kathonzweni. Nilivaa vile viatu vya kisigino kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Tukawakuta kwenye mteremko wanachimba matuta, na hawakuacha kuchimba. Mwenyekiti wao, Wayua, mama mnene mwenye meno mazuri ambaye sijawahi kumsahau, aliniacha niongee mpaka maneno yakaniisha. Nilikuwa nimekuja na mbuzi. Akamtazama mbuzi, akanitazama miguu.

"Mwiitu," akasema, yaani msichana, "hii mbuzi ni ya nini? Imekosa kazi?"

Nikasema hapana, Mwaitu, yaani mama.

"Nani amekosa?"

"Ni mimi."

"Umefanya wamama watano wakose siku moja moja. Sasa utakuja siku tano. Kila siku mmoja atakaa, wewe utashika jembe yake na utaitikia jina yake. Mbuzi rudisha kwa gari, inasumbua."

Athumani alitaka kusema kitu juu ya ratiba ya kampuni. Wayua akamwuliza kama na yeye anataka jembe. Akarudi garini na mbuzi wake.

Nililala kwa dada yake Nzioka. Asubuhi ya kwanza nikaazimwa viatu vya tairi, Wayua akaita, na alipofika kwa Mbithe, wa kwanza wa wale watano, mimi nikasema, "Vaa," yaani hapa. Wamama wakacheka. Mbithe mwenyewe akakaa kivulini akinitazama nikimharibia tuta. Kufikia saa tatu mikono ilikuwa imetoka malengelenge, kufikia saa tano yalikuwa yamepasuka. Siku ya pili niliitikia kwa Syombua, ya tatu Nduku, ya nne Kavata. Nilijifunza kwamba jembe haliinuliwi kwa mikono, linainuliwa kwa mgongo, na udongo unatupwa upande wa juu wa mlima, si wa chini kama nilivyokuwa nafanya. Nilijifunza pia kwamba Kavata anaumwa na goti na hakuwahi kumwambia mtu. Na kwamba kila mmoja wao alikuwa na namna yake ya kuitikia. Nduku kwa mfano alikuwa anajibu kabla Wayua hajamaliza jina.

Siku ya tano nikaitikia kwa Kalunde. Nafasi yake ilikuwa mwisho wa mstari, penye mawe, kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wote. Alikaa juu ya jiwe akisuka kiondo. Alikuwa mwanamke wa miaka yangu, na hakuwa amenisemesha siku zote nne. Nilipopumzika kidogo akasema bila kuinua macho, "Hapo chini ya hilo jiwe kuna lingine."

Nikachimba. Kweli, lilikuwapo.

"Unajua barua inasema nini?" akaniuliza.

"Nzioka ameniambia."

"Mimi sijui kusoma. Nilisomewa na mtoto yangu mkubwa. Yeye ndiye alinisomea kwamba mimi ni mvivu." Akavuta uzi wa kiondo. "Mutisya si mtu mbaya. Lakini ameisikia kwa masikio yake. Nikimwambia si kweli, atasema kila mtu aliyekosa anasema hivyo."

Nililia, nawaambia wazi, nililia na jembe mkononi, na Kalunde akaniacha nilie, akaendelea kusuka. Halafu akasema nikimaliza kulia bado kuna lile jiwe.

Pale kwenye lile jiwe ndipo akili iliponirudia. Kama mtu ameisikia kwa masikio, basi dawa yake ni masikio. Na macho pia, kama kamera itakubali. Jioni nikampigia Athumani simu kutoka dukani Kathonzweni, nikamwambia alete mashine ya kurekodi, betri zote, kamera na filamu yoyote iliyobaki. Akauliza tutarekodia wapi, kule hakuna chumba. Nikasema kwenye matuta. Akasema kuna upepo. Nikasema najua. Akasema kuna ng'ombe, kuna majembe. Nikasema, "Bwana Athumani, hayo majembe ndiyo nayataka."

Kila kitu nilichofundishwa nilikivunja asubuhi iliyofuata. Kipaza sauti tulikivalisha soksi ya Athumani kwa ajili ya upepo, na kama hamjui dawa hiyo basi sponji yenu haijawafundisha kitu. Nzioka alikaa juu ya tuta na gitaa. Wayua aliita majina kama anavyoita kila siku, wala hakukubali kurudia kwa sababu ya kamera. Alisema majina huitwa mara moja. Kila mmoja akaitikia, gitaa likaingia, majembe kumi na moja yakaanguka pamoja. Athumani alizungusha kamera amelala kifudifudi kwenye udongo na kanzu yake. Ilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti. Sauti ilikuwa kwenye mkanda, na ili viende pamoja Athumani alipiga kofi moja kubwa mbele ya kamera, ndiyo tukajua pa kuanzia.

Santuri ilitoka upya. Upande wa kwanza wimbo wa Nzioka, upande wa pili majina yote kumi na moja kutoka kwenye matuta, na upepo wake. Aliyeleta ile ya zamani alipewa mpya. Kambu nilienda mwenyewe kuijaribu, nikijua kwamba madereva hawatapenda orodha ya wamama. Majina yalipoanza dereva mmoja akaweka kijiko chini. Lilipopita la tano nikasikia anasema, "Huyo ni dada ya mama yangu." Akakaa bila kula mpaka sindano ikafika mwisho.

Filamu iliporudi kutoka kusafishwa ilikuwa ya dakika nne tu. Desemba Mutisya alikuja likizo, na wazee wakapanga kukutana Jumatatu. Sisi tukapeleka gari Kathonzweni Jumamosi.

Watu walikuja wengi, maana tulitangaza kauboi. Giza lilipoingia nikapanga mashine na mkanda ubavuni, nikatafuta lile kofi, nikaachia vyote viwili kwa pamoja. Shuka likajaa matuta ya Kathonzweni. Watu wakaanza kuonyeshana kwa vidole. Wayua wa kwenye shuka akaanza kuita. Wamama walikuwa wamekaa mbele pamoja, na walipojiona wakiitikia, wakaitikia tena kwa midomo yao. Akafika mwisho. Akaita Kalunde, na Kalunde wa kwenye shuka akainua jembe penye mawe akasema vaa.

Kutoka nyuma mtu akasema, "Rudisha."

Alikuwa Mutisya. Alikuja mpaka kwenye mashine, mtu mfupi mwenye mabega ya bandari, hakunisalimia. "Rudisha nione tena," akasema.

Katika kazi ile kulikuwa na sheria moja ambayo Athumani hakuruhusu ivunjwe: hurudishi filamu katikati ya onyesho. Inachakaa, watu wanakasirika, na taa ya mashine ilikuwa moja tu, iliyobaki na maisha machache. Nikarudisha filamu kwa mkono, nikarudisha mkanda, nikatafuta kofi, nikaachia. Akatazama mpaka mwisho akasema tena, rudisha. Mara ya tatu Mbithe naye akasimama akataka mume wake aone vizuri. Mara ya nne ikaombwa na mama mkwe wa Kavata. Athumani akaninong'oneza, "Binti, taa itaungua, na hawa watu wamengoja kauboi."

"Acha iungue," nikamwambia.

Ikaungua mara ya sita, jembe la Nduku likiwa hewani. Pa, giza. Mkanda nao nikauzima. Nilingoja watu wapige mbinja, maana nimeona watu wakirusha mawe kwa kosa dogo kuliko hilo. Hakuna aliyeondoka. Kule mbele Wayua, yeye mwenyewe, akakohoa akaanza kuita majina gizani tangu la kwanza. Wakaitikia mmoja mmoja, hakuna picha, hakuna gitaa. Alipofika kwa Kalunde, sauti mbili ziliitikia, ya mwanamke na ya mwanamume, kutoka mahali pamoja.

Jumatatu wazee hawakuitwa.

Miaka yangu yote katika kazi hii nimetoa santuri ambazo zilichezwa mpaka zikachakaa, nimesimamia watu ambao nyimbo zao nyinyi mnaziimba tena siku hizi mkidhani mmezitunga wenyewe, na najivunia zote. Lakini mkiniuliza kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kusikia, ni yale majina kumi na moja gizani. Athumani aliniuliza pale pale, akipapasa kutafuta tochi, kama nimerekodi.

Nilimwambia hapana, nilikuwa nasikiliza.